Karani wa Posta na Herufi ya Tano

Karani wa posta pale Mbeya alikuwa mpumbavu aliyevaa tai. Tuliimba naye kwaya moja kanisani miaka minne, na pilau ya harusi yangu aliila. Lakini siku nilipofuata kifurushi alichonitumia kaka yangu kutoka migodi ya shaba Rhodesia, alinitazama kama mgeni. Aliweka cheti changu cha ubatizo kando ya kifurushi, akapitisha kidole kwenye jina la cheti na lile la kifurushi, herufi moja baada ya nyingine. Kwenye ya tano akasimama.

"Hapa kwenye cheti kuna n, huku kwenye kifurushi kuna m. Si wewe."

"Kwani hunifahamu? Na hizo herufi zilizobaki?"

"Zikishapishana mahali pamoja, siendelei. Mwingine!"

Nilichukua cheti changu nikatoka hadi barazani, nikaazima kalamu kwa mwalimu aliyekuwa akiandika barua, nikaiongezea ile n mguu mmoja. Wino ukiwa bado mbichi, nikarudi dirishani. Akaanza upya tangu herufi ya kwanza, midomo ikimchezacheza, hadi ya mwisho.

"Sasa ni wewe," akasema, akanisukumia kifurushi.

Sikumshukuru. Nilikifungua mbele yake, nikavaa sweta langu jipya la sufu, nikaenda zangu.