Merle Mlowesha Sweta na Raundi ya Garth

“Hiyo sweta yako sitailowesha,” Merle Tapscott alisema, akaweka mezani chupa yake ya kupulizia maji. “Nakudai raundi, Garth. Tangu mwaka themanini na tisa.”

Garth Prowse, ambaye asubuhi hiyohiyo alikuwa ametabasamia nusu ya Australia akisifu godoro, alidhani ni mzaha. Akacheka kile kicheko chake cha televisheni, kinachoanza kabla ya kichekesho na kukoma tangazo likiingia. Merle hakucheka. Aliichukua tena chupa akamgeukia Dezza, mwenzake Garth wa jukwaani, akampulizia begani, kiwikoni, mgongoni, taratibu kama anayenyunyizia shuka maji kabla ya pasi.

“Raundi gani tena, Merle?”

“Anauliza raundi gani,” Merle akamwambia Dezza.

“Nimemsikia,” Dezza akasema. “Nimeona haya kwa niaba yake.”

Merle alizaliwa Footscray, upande wa viwandani wa Melbourne. Akaacha shule akiwa na miaka kumi na minne, akashona makoti ya mvua. Aliolewa na fundi wa tramu, zile treni za barabarani, mtu mwema ambaye kwake televisheni ilikuwa kitu cha kuwekea picha ya harusi. Yeye ndiye aliyemwambia kuwa kituo cha televisheni kinatafuta mshonaji. Merle akaenda, akapewa chumba kisicho na dirisha, pasi mbili, na vijana watatu waliojiita Sweta Mbichi.

Walikuwa waimbaji wa vichekesho. Siku ya kwanza walipoimba barabarani mvua iliwakuta, kama inavyomkuta kila mtu Melbourne, nao kwa ukaidi hawakukimbia. Waliendelea kuimba nyuso zikiwa za msiba, sweta zikichuruzika, na watu wakacheka hadi wakakosa tramu zao. Tangu hapo hawakupanda jukwaani wakavu. Garth alipiga kodiani, Dezza banjo, na Col Hanrahan, mrefu kama nguzo ya umeme, alipiga besi, lile zeze kubwa la kusimama, asiseme neno.

Kulowesha sweta ya sufu si kumwaga maji. Maji ya baridi humfanya mtu atetemeke akakosa sauti, ya moto huifupisha sweta ikaonyesha kitovu. Merle alitumia ya uvuguvugu, kutoka chupa ya chai, na alijua mahali pa kuyashikiza ili tone moja lianguke kiwikoni kila mwisho wa mstari wa wimbo. Watu waliandika magazetini juu ya ujuzi wa vijana hao wa kuchelewesha kicheko. Ulikuwa ujuzi wa Merle, na jina lake lilipita mwisho wa kipindi kwa kasi ya panya.

Kila Ijumaa wakimaliza kurekodi walikwenda baa ya kona, wote wanne. Kwa watu hawa raundi, yaani kuwanunulia wote mezani kinywaji, si ukarimu. Ukikaa mezani umeingia zamu, na ukiingia zamu hutoki mpaka ununue yako. Merle alianza kwa kuwa mkubwa, kisha Dezza, kisha Col, kisha Garth. Wao walikunywa bia, Merle bia iliyokatwa nusu kwa soda ya ndimu, nao walimtania kwamba anakunywa maji ya kuoshea bia. Alipenda kutaniwa. Fundi wa pasi hahesabiwi popote katika televisheni, ila mezani pale alikuwa wa kwanza kati ya wanne.

Halafu kituo kikubwa chenye matangazo kikawataka. Mkurugenzi wake, Bwana Pilbeam, aliwaita akina mama arobaini chumbani, akawapa biskuti, akawauliza wanaonaje. Kumi na mmoja walisema sweta mbichi zinawafanya wasikie baridi. Kwa hiyo Sweta Mbichi wakakaushwa. Matone yakashonwa kwa vipande vya fedha vinavyometa, na aliyevishona ni Merle, akiuma uzi kama anayeuma mtu. Kipindi kilikufa wiki ya saba. Bwana Pilbeam alipandishwa cheo kwa kukizika upesi.

Ijumaa ya mwisho walikaa mezani. Merle alinunua, Dezza akanunua, Col akanunua. Glasi zilipokwisha, gari la Pilbeam likasimama nje, dereva akaja kumnong’oneza Garth kwamba kuna nafasi Sydney. Garth akachukua koti. Alisema anarudi sasa hivi.

Dezza naye alipata kazi ya sauti ya mnyama wa katuni anayefundisha watoto kupiga mswaki. Miaka tisa ya mswaki. Col alipewa kipindi cha uvuvi ambamo hakuna aliyeruhusiwa kushika ndoana, kwa sababu ya bima, na ukimya wake ukasifiwa kuwa falsafa. Garth akawa mtu wa kipindi cha asubuhi, akikaanga mayai asiyoyala na kulia na wageni asiowajua. Merle aliendelea kupiga pasi. Wapwa zake walipomwona Garth wakasema, shangazi, si ulikuwa unamfahamu huyo, yeye alijibu kwamba hakuwa na hakika.

Sasa kituo kilitaka kipindi kimoja cha kumbukumbu. Ndiyo maana walikuwa katika chumba cha mavazi siku ile, na Garth mkavu.

“Nitakununulia baa nzima,” alisema hatimaye.

“Sikukuomba baa.”

Kesho yake Garth alimtumia Merle kwa gari kapu la divai, jibini na utepe mwekundu, na kadi iliyoandikwa na mtu mwingine. Merle aliwagawia wafagiaji, akabaki na utepe, maana ulikuwa mzuri. Dezza alimpigia Garth akamweleza kama mtoto mgumu wa kuelewa: raundi haitumwi kwa gari. Mtu huibeba mwenyewe kwa mikono yake, akaketi na wenzake. Garth akasema ratiba yake imejaa.

Kwenye mazoezi, watu wa kituo walimlowesha wenyewe. Walitumia maji ya bomba. Sweta ikarefuka mpaka magotini, Garth akaimba kwa meno yanayogongana, na Bwana Pilbeam, ambaye sasa alikuwa mkubwa zaidi na, kwa maneno yake, alizipenda sweta mbichi tangu zamani, akauliza kama matone yanaweza kuongezwa kwa kompyuta.

Siku ya kurekodi Garth alikuja kwa Merle, akasimama mlangoni bila tabasamu lolote. Merle alimtazama. Angeweza kumwacha aende hivyohivyo mbele ya watu mia tatu, na kisasi kingekuwa kitamu. Lakini ile ilikuwa kazi yake, na hakuwahi kutoa sweta mbovu.

“Inua mikono,” akasema. Akamlowesha, kwa maji ya uvuguvugu, mpaka kiwikoni. “Usidhani tumemalizana.”

Tone liliangukia mahali pake. Watu mia tatu walicheka hadi mwanamke mmoja akatolewa nje apate hewa. Kisha wakubwa wakamzunguka Garth wakimvuta kwenye tafrija ya ghorofa ya juu, na Merle akavaa koti, akaenda baa ya kona na Dezza na Col. Jua lilikuwa bado kali.

Merle alinunua. Dezza akanunua. Col akanunua, akasema “haya,” ambalo kwake ni hotuba. Glasi tatu zikaisha, na kiti cha nne kikabaki kitupu kama kilivyokuwa. Dezza akataka kuinuka anunue tena ili kuficha aibu. Merle akamshika mkono. “Si zamu yako.”

Mlango ukafunguliwa. Garth aliingia na sweta yake mwilini, inachuruzika sakafuni, mwenye baa akimlaani. Hakuwasalimu. Alikwenda moja kwa moja kaunta, akarudi amebana glasi nne kwa vidole, akitembea kama anayebeba mayai.

Tatu zilikuwa za bia. Ya nne ilikuwa na rangi hafifu, yenye povu jepesi la soda.

Merle aliivuta karibu. Hakuna aliyemkumbusha Garth kinywaji hicho. Merle alimwuliza Dezza kwa macho, Dezza akatikisa kichwa.

“Maji ya kuoshea bia,” Garth akasema, akaketi.

Merle akanywa yote, bila haraka. Kisha akachukua pochi yake akainuka, kwa kuwa aliyefuata alikuwa yeye.