Nondo Iliyosubiri Mvua

Nakumbuka siku moja ya kiangazi hapa Tabora, mwanangu, mimi na rafiki yangu Maganga tukiwa vijana, tunajifunza kufunga umeme kwa Mzee Saidi, fundi mkongwe wa mjini. Alitandaza mchoro mezani akatuuliza alama moja moja. Taa tuliijua. Swichi tuliijua. Alipofika kwenye mstari uliosimama, na chini yake vistari vitatu vinavyozidi kufupika, Maganga akacheka.

"Hiyo ethi, Mzee, waya wa kwenda ardhini. Lakini taa si inawaka hata bila ethi?"

Mzee Saidi hakucheka. "Alama nyingine zinaonyesha umeme ufanye kazi wapi. Hii inaonyesha ukimbilie wapi mambo yakiharibika. Chimba, uzike nondo yake ardhini."

Mwaka uleule Maganga akamfungia mama yake mashine ya kusaga. Mama yule alikuwa mjane, akiniita mwanangu kama ninavyokuita wewe, na sikuwahi kutoka kwake na njaa. Maganga alifuata kila alama ya mchoro isipokuwa ile. Ardhi yetu unaijua kiangazi kikikolea, jembe linadunda. Nani huku kwetu anachimba kabla ya mvua? Basi nondo ya ethi akaiegemeza ukutani. "Udongo ukilainika nitaizika," akasema. Mashine ikasaga vizuri tu, wateja wakajaa.

Mvua ya kwanza ikavuja kibandani. Mama akaingia peku kufagia maji, akashika mashine asiteleze. Kumbe waya ulikuwa umechubuka ndani, chuma chote kimeshika umeme, na umeme ule haukuwa na njia ya kwenda chini ila mwilini mwake.

Tulichimba kaburi kwenye udongo uliolainika. Maganga hakukubali kupokewa jembe. "Hata robo ya shimo hili haikuhitajika," alirudia, huku analia. Mpaka leo nikiikumbuka sauti ile naumia sana.

Jana nimepita kwenye nyumba unayofunga umeme, mwanangu, nikaiona nondo imeegemezwa ukutani. Usiniambie habari za udongo mgumu, sitaki kuzisikia. Mchoro usomwe wote, na alama usiyoiona faida yake ndiyo uanze nayo. Mwaga maji, udongo uloe, uchimbe leo hii. Mungu ailinde mikono yako, na kila mama atakayeingia peku katika nyumba uliyoifunga wewe, atoke mzima.