Kikombe Juu ya Kabati

Maji ya mama bado yana harufu ya mafuta taa. Nilimnunulia gesi, lakini huyachemsha kwa ile stovu yake ya zamani.

Nikiyanusa narudi kwenye chumba chetu cha mtaa wa Pipeline, nguo za mdogo wangu zimelowekwa kwenye beseni. Ndiyo kwanza alikuwa anaanza kutembea. Alihara na kutapika tangu asubuhi, na kila mama akimnywesha maji, yalitoka yote.

Jirani yetu, mwanamke aliyelea watoto wengi, akasimama mlangoni. "Wacha kumpa maji, mwanangu. Hayo ndiyo yanamharisha. Tumbo likikauka atapona."

Mama akaweka kikombe juu ya kabati. Mtoto alikinyooshea mkono akilia, kwanza kwa machozi, halafu bila machozi. Aliponyamaza, mama akashusha pumzi. "Ametulia."

Hospitalini daktari alimfinya ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama. "Mbona hamkumpa maji?"

Tulirudi nyumbani na shuka lake tu.

Siku hizi mgeni akiingia, mama humpa kikombe kabla hata ya salamu. Mimi pia hanisazi. Husimama mbele yangu, macho kwenye koo langu.

"Maliza," husema. "Maliza yote."