Nilimdanganya Mjomba kwa Sauti ya Bi Neema

Nimekosa, jamani, na sina pa kujificha. Nimemkosea mjomba wangu, kaka wa mama yangu, mtu aliyenifundisha kuendesha baiskeli. Kibaya zaidi, nilimkosea huku nacheka! Jina langu silitaji. Mtwara ni ndogo, na nimeshaaibika vya kutosha.

Kazi yangu ilikuwa kupokea simu. Ofisi ilikuwa ghorofani hapa mjini, tuko saba, kila mtu na kompyuta yake na hedseti kichwani. Wakulima wa korosho wanapiga namba ya bure, wanauliza, sisi tunawajibu kutoka kwenye majibu yaliyoandikwa na wataalamu. Wakileta ugonjwa tusioujua, tunawaambia wapeleke majani kituo cha utafiti, kule Naliendele.

Usidhani ni kazi laini! Simu moja isizidi dakika tano. Kwenda chooni unanyoosha mkono kama mtoto wa darasa la pili. Mtu anakutukana na wewe unatabasamu, tena kweli, kwa sababu supavaiza wetu, dada mmoja wa Moshi tuliyemwita Madamu, alikuwa anasema tabasamu linasikika kwenye simu. Anapita nyuma ya viti vyetu: "Neema, mbona sisikii meno?"

Neema ndiye mimi wa kazini. Tulikuwa wawili wenye jina moja, mimi nikabadilishiwa. Na huyo Neema nikampa sauti yake: laini, ya taratibu, Kiswahili kilichopigwa pasi. Kwetu kijijini Ziwani mimi naropoka kama nimekanyaga kaa la moto. Aliyenizoea kule asingenijua.

Basi siku moja, mwezi wa sita, mikorosho imetoa maua, simu ikaingia.

"Karibu, unaongea na Neema, nikusaidie nini?"

"Mwanangu, nkorosho wangu unaota unga kwenye maua. Kama ntu kaumwagia sembe."

Ile sauti, na kile kikohozi chake cha mara mbili mbili! Mjomba!

Nilitakiwa kusema pale pale, "Shikamoo Mjomba, ni mimi." Maneno manne tu, na leo nisingekuwa naandika haya.

Lakini nilikuwa nimemnunia. Mchumba wangu ni mtu wa Kigoma, fundi wa friji, anafanya kazi hapa mjini. Wazee wake walileta barua ya posa, baba akaipokea vizuri, mjomba akairudisha. Na kwetu mjomba akikataa, umekataliwa! Hata sababu hakunipa. "Kigoma mbali," basi. Tangu Idi nilikuwa sijampigia.

Kwa hiyo nikanyamaza. Nikamweleza habari ya ugonjwa wa ubwiri unga na dawa yake ya salfa, sawasawa kama ilivyoandikwa. Halafu shetani akanichokoza. Nikamwambia, "Na kitu kingine, Mzee. Kila asubuhi uzunguke shamba zima kabla ya kunywa chai. Mkorosho mmoja mmoja, uutazame."

"Yote?"

"Yote, Mzee."

Shamba la mjomba unalizunguka mpaka soksi zinalowa jasho. Nikakata simu, nikacheka mpaka Madamu akageuka.

Siku ya tatu mama akanipigia kutoka Ziwani. "Mjomba wako kapatwa na nini? Alfajiri anazunguka mikorosho na fimbo, ukimuuliza anasema Bi Neema kasema. Bi Neema ndiye nani?"

"Sijui, mama," nikasema. Nilikuwa nimejiziba mdomo na khanga!

Jumanne iliyofuata akapiga tena. Alipokelewa na mwenzangu wa meza ya pili, akakataa kuhudumiwa. "Nipe Bi Neema." Jumanne nyingine vilevile. Ikawa ndiyo ada, kila Jumanne saa nne. Wenzangu wanaita, "Neema, bwana ako huyo!" Madamu akafurahi. Mteja kumtaja mfanyakazi kwa jina ni sifa kubwa kwenye kampuni. Mwezi wa nane nikachaguliwa mfanyakazi bora. Wakanipiga picha, wakaibandika ukutani pale mapokezi, chini wakaandika NEEMA kwa herufi kubwa.

Nilipewa ubora kwa kumdanganya mjomba wangu. Na nikapiga makofi!

Sasa maswali ya korosho yakaanza kumwishia, akaanza kuleta mengine. Mjomba ni mjane, mke wake alifariki miaka mitatu iliyopita. Anapika mwenyewe. Kila nikimaliza habari za shamba, nilikuwa namuuliza, "Leo umekula nini, Mzee?" Madamu alitufundisha tuwe tunawajali wateja, na mimi nilikuwa nataka kucheka tu.

"Ugali wa muhogo. Umeungua," anasema. "Wa leo umeungua chini tu, afadhali. Wa jana uliungua wote."

Nacheka, naye anacheka. Miaka mitatu sikuwahi kumsikia mjomba akicheka.

Siku moja nikajifanya simjui, nikamuuliza habari za familia yake. Akasema ana mpwa mjini, anafanya kazi ofisi ya simu, yeye akidhani nauza vocha.

"Ameolewa?" nikauliza.

"Kuna ntu wa Kigoma kaleta posa. Nimekataa."

"Kwa nini, Mzee? Ana tabia mbaya?"

Kikohozi mara mbili. "Hana baya. Kijana nzuri tu, ana heshima. Lakini yule ntoto ndiye niliyebaki naye. Akienda Kigoma, mimi atanipigia nani?"

Ningekuwa na akili, pale ningevua ile hedseti nilie. Mimi nikaona mlango umefunguka! Nikamwambia kwa ile sauti ya pasi, "Mzee, mkorosho ukiubana kivulini utazaa?"

"Hauzai."

"Basi na mpwa wako ndiyo hivyo."

Akafikiri. "Kwa hiyo nipunguze matawi upande gani?"

"Nazungumzia mpwa wako, Mzee! Mruhusu aolewe."

Kompyuta inaonyesha dakika ya tisa. Mwishowe akasema, "Bi Neema, wewe hujawahi kunidanganya. Nitawaambia walete tena ile barua."

Nilitoka pale nimepaa! Nikamweleza mchumba wangu kila kitu nikitegemea atanibeba juu juu. Akaweka chini bisibisi yake. "Yaani mjomba wako amekubali, au umemhadaa?"

"Si yote sawa?"

"Si sawa," akasema. "Kamwambie." Sikumwambia. Nilimnunia na yeye.

Nilitakiwa kuishia hapo, lakini kicheko kilishanilevya. Jumanne iliyofuata mjomba akauliza kwa sauti ya chini, kama anaficha, "Bi Neema, samahani. Una mume wewe?"

Wenzangu wawili walikuwa wamesogeza vichwa wanasikiliza, wanabana vicheko. Na mimi, mtoto wa watu, niliyelelewa na kufundishwa adabu, nikajibu, "Bado, Mzee. Natafuta mkulima."

Ofisi nzima ilicheka. Mjomba hakucheka. Alisema tu, "Haya, mama. Nimesikia."

Jumanne iliyofuata hakupiga. Alikuja!

Saa nne kamili mlinzi akapiga simu ya ndani: kuna mzee mapokezi anamwulizia Bi Neema. Nilichungulia kutoka juu ya ngazi. Mjomba amevaa kanzu nyeupe iliyonyooshwa mpaka inasimama yenyewe. Kofia mpya. Mkono mmoja ameshika jogoo mwekundu aliyefungwa miguu, mwingine mfuko wa korosho za kubangua. Amenyoa ndevu!

Nikataka kurudi nijifungie chooni. Nikamsikia mlinzi, kwa roho yake nzuri, anasema, "Kaa hapo mzee, anakuja. Bi Neema mwenyewe si huyo hapo ukutani."

Mjomba akageuka.

Alisogea karibu na ile picha. Akasimama muda mrefu, jogoo anapiga mabawa. Halafu akasoma jina chini, herufi moja moja, kwa kidole.

Madamu naye akashuka ngazi anang'aa kwa furaha, hajui lolote. "Karibu Mzee wetu wa Jumanne! Leo lazima tukupige picha na Neema wako!"

"Huyu," mjomba akasema, "ni ntoto wa dada yangu."

Madamu alidhani ni utani, akacheka peke yake. Mimi nikashuka ngazi moja moja, nikapiga magoti pale pale mbele ya mlinzi. "Shikamoo Mjomba."

Hakuitikia. Aliniangalia kama mtu anayetafuta mwingine nyuma yangu. Aliponena, hakupaza sauti, na afadhali angepaza!

"Yule alikuwa ananiuliza nimekula nini," akasema. "Wewe hujawahi kuniuliza."

Jogoo akamwachia mlinzi. Korosho akaziweka juu ya meza ya mapokezi, akafuta mikono kwenye kanzu, akatoka. Nilimkimbilia mpaka barabarani, nikamwita. Hakugeuka.

Mchana ule Madamu alikaa na kusikiliza simu zote zilizorekodiwa, Jumanne moja baada ya nyingine. Mwanzoni alikuwa anacheka. Alipofika kwenye ile ya "natafuta mkulima" akavua hedseti. "Mteja wetu," akasema, "tena damu yako!" Jioni nikakabidhi kitambulisho. Picha niliitoa ukutani mwenyewe.

Mnataka kujua ya posa? Wazee wa Kigoma walirudi na barua, mimi nikijua itachanwa. Mjomba aliipokea. Mama akamuuliza kama ameshanisamehe. Akajibu, "Hilo bado. Lakini neno nilishampa Bi Neema, na mimi sina maneno mawili."

Kwa hiyo nimeolewa. Mume wangu yupo, friji anazitengeneza, na kwenda Kigoma bado hatujaenda. Siku ya nikah mjomba alikuja, alikula, alimpa mkono mume wangu kwa moyo wote. Mimi alinipa ncha za vidole tu.

Siku hizi nampigia mwenyewe kila wiki, kwa sauti yangu ya kuropoka. Namuuliza amekula nini. "Chakula," anajibu. Basi, ndiyo jibu zima! Mama ananiambia bado anazunguka shamba alfajiri na fimbo yake. Nilimwambia aache, ule ulikuwa utani. Akasema hakuambiwa na mimi.

Wiki iliyopita aliniuliza kitu kwa mara ya kwanza. "Yule Bi Neema, ile sauti, unaweza bado?"

"Naweza, Mjomba."

Nikamsikia anavuta pumzi, anafikiri. Halafu kikohozi, mara mbili. "Usiifanye," akasema. "Endelea hivyo hivyo. Leo nimekula kisamvu."

Kisamvu! Nililia mpaka mume wangu akaja kuuliza nani kafa.

Ndugu zangu mnaovaa hedseti kutwa nzima, na hata msiovaa: yale maneno matamu mnayowapa wateja, "karibu sana, umeamkaje, nikusaidie nini tena," halafu simu ya nyumbani ikilia mnapokea kwa "sema haraka niko bize", nawaomba mgeuze. Pigeni nyumbani leo, kwa sauti zenu wenyewe. Na ukimjua mzee wako kwenye simu, mwamkie hapo hapo, kabla hajatoa kanzu yake sandukuni na kuipiga pasi.