Msemaji Niliyemchagua

Laiti ningekataa siku ile wanachama wa chama chetu cha wakulima, Kitale, waliponiomba mimi mwenyekiti wao niongoze kamati ya kuchagua programu ya akili bandia, ya kushauri wakulima kupitia simu. Nilisoma hadi kidato cha nne tu, na kompyuta siijui. Lakini nilipenda kuombwa.

Programu zilikuwa mbili. Tulizilinganisha vile tunavyochagua msemaji wa kututangulia kwenye mazungumzo ya mahari: anayejibu papo hapo, sauti haitetemeki, wakwe wananyamaza. Ya kwanza ilijibu hivyo. Ya pili, ukiiuliza kama mahindi yako tayari kuwekwa ghalani, nayo ilikuuliza: yalianikwa wapi? Mvua iliyanyeshea? Umeyatikisa na chumvi kwenye chupa? Mara nyingine ilisema haijui.

"Hii ingine ni askari wa barabarani," mjumbe mmoja alisema. "Inataka leseni kwanza!"

Tukacheka. Hakuna aliyeleta hata konzi ya mahindi mezani tuone ni ipi ingesema kweli. Nikatia sahihi, tukachukua ya kwanza.

Dada yangu mkubwa, mjane anayelima Bumula, ndiye aliyenilea. Programu hiyo nilimwekea kwenye simu kwa mkono wangu. Mavuno yalipofika, mvua ilikataa kuondoka. Akanipigia.

"Hiyo programu yako inasema nifunge magunia. Mimi naona bado, chumvi inashika chupa. Wewe unasemaje, ndugu yangu?"

Kila mkulima kwetu anajua: chumvi ikishika chupa, mahindi yana maji. Nami nilijua. Ila ningekubali vipi kwamba msemaji niliyemsifu mbele ya watu ameteleza?

"Funga tu, dada. Hiyo kitu imesoma kutushinda."

Akafunga. Alipokuja kufungua, magunia yalikuwa ya moto ndani, punje zimeota ukungu wa kijani. Alichimba shimo akayafukia yote, hata kuku wasiyaguse. Mpaka mavuno mengine alikula kwa majirani.

Nilimpelekea mahindi. Zamani nilikuwa nikiingia moja kwa moja jikoni, nikifunua sufuria bila kuuliza. Safari hii alinifutia kiti cha wageni sebuleni.

"Karibu, mwenyekiti," alisema, na chai akaniletea kwa trei.

Chama kimebadilisha programu, nami uenyekiti nimeuacha. Hayo si kitu. Nilimpoteza dada yangu. Yuko hai, yuko Bumula, na haniiti ndugu tena.