Mguu wa Kitanda na Mzunguko wa Elektroni

Shida zangu zilianza mwaka 1971, nikiwa na miaka kumi. Baba alifariki kijijini kwetu Gonja, kule mlimani, nikaacha shule darasa la tatu, nikateremka mjini Same kubeba mbao za fundi seremala. Hakuna aliyenisomesha. Nalisema hili mapema, maana wapo wanaonidharau.

Mwaka jana binti yangu wa mwisho, aliyekuwa akisoma fizikia chuo kikuu, alirudi nyumbani na mizigo yake yote. Akanikuta karakanani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Chuo kimefungwa?"

"Sirudi tena. Kuna somo limenishinda mara mbili."

Nilikasirika, kisha nikaogopa. Kwangu hakuna mwingine aliyefika huko. Nikamwambia anieleze hilo somo, pale hasa lilipomshinda.

"Mzunguko wa elektroni una pande tatu za kupima. Ukiujua wa upande mmoja sawasawa, wa pande mbili zilizobaki huwezi kuujua."

"Kipimo chenu kibovu."

"Si kipimo, baba. Ndivyo ilivyo. Wanasema chanzo chake ni kwamba kugeuza kitu huku kisha kule, si sawa na kule kisha huku. Nakariri tu, sioni."

Hapo nilicheka. Nikijifunza ufundi, nilitoboa miguu minne ya kitanda upande usio wake kwa kuigeuza huku kisha kule, badala ya kule kisha huku. Fundi aliniita punda mwezi mzima.

Nikasimamisha mguu wa kitanda, nikapiga chaki upande unaonitazama. Nikaulaza kuja kwangu, kisha nikaubiringisha kulia. Chaki ikawa kushoto. Nikausimamisha upya, chaki inanitazama. Safari hii nikaanza kuulaza kulia, ndipo nikaubiringisha kuja kwangu. Chaki ikaenda chini, haionekani.

Akauchukua, akarudia mwenyewe kama mara tano.

"Mguu wako tunazijua pande zote kwa pamoja, elektroni hatuwezi," akasema. "Lakini chanzo ni hikihiki. Ulijifunzia wapi?"

"Kwenye kuitwa punda."

Jumatatu alipanda basi kurudi chuoni. Matokeo yalipotoka akanipigia simu: somo lile amefaulu. Nilikaa juu ya meza ya kupigia randa, nikapumua kama mtu aliyetua gogo.

Leo nina karakana ya bati, msumeno wa umeme, randa tatu, nyumba ya matofali ya kuchoma, shamba la tangawizi huko mlimani na mbuzi sita. Na mguu mmoja wa kitanda wenye chaki, ambao siuzi.