Gitaa Nililolipasha Moto

Juzi nilipeleka kiti kwa seremala kibandikwe mguu, nikakuta kwenye jiko lake kopo la gundi ya ngozi likichemka. Mafundi wengi siku hizi wanatumia gundi ya dukani, lakini huyu ni mtu wa mambo ya kale. Ile harufu ya ngozi ya ng'ombe iliyopikwa ikaniingia puani, nikajikuta nimekaa chini bila kukaribishwa. Fundi alidhani nimeshikwa na kizunguzungu, akaniletea maji. Nikayanywa, nikamshukuru, wala sikumwambia neno. Nyinyi ndio nitakaowaambia.

Mambo haya yalitokea kwetu Msambweni, miaka ya hamsini, nilipokuwa na umri wa miaka tisa au kumi. Nyumba yetu ilikuwa ya ngoma. Baba alikuwa akiitwa kila penye harusi, kuanzia kwetu hadi Diani, na ngoma zake tatu zilikuwa zikikaa chumba kimoja na sisi watoto. Mama alikuwa akisema kwamba ngoma zile ndizo watoto wake wa kwanza, maana ndizo zilizokuwa zikipewa mahali pakavu mvua ikivuja.

Alikuwa akiishi nasi Mjomba Kassim, mdogo wake Mama. Alikuwa kijana mrefu, mwenye maneno machache na vidole visivyotulia. Kutwa alikuwa kibarua katika mashamba ya miwa, lakini alichokitaka duniani kilikuwa kimoja tu, awe seremala. Alikwenda mara mbili kwa Fundi Mbwana, seremala mkubwa wa hapo kwetu, kumwomba amfundishe kazi, na mara zote mbili alirudi mikono mitupu.

"Mikono unayo, mwanangu," Fundi Mbwana alimwambia. "Subira ndiyo huna."

Basi kukawa na karani mmoja wa Kigoa aliyepata uhamisho, akatoa vyombo vyake barazani kuviuza. Watu waliwahi vitanda na masufuria. Mjomba yeye alirudi na gitaa, maana kupiga alikuwa amejifunza kwa vibarua wenzake. Lilikuwa dogo, kiuno chembamba, tumbo lake halikupita upana wa ungo, nami nilidhani lilitengenezwa kwa ajili ya mtoto. Mbao zilikuwa zimeiva rangi ya asali kwa ukongwe. Tumboni lilikuwa na ufa wa kuingia ukucha, kile kibao kidogo kinachoshikilia nyuzi kilikuwa kimebanduka, na ndani mende walikuwa wamejenga mji. Alilinunua kwa bei ya kuku wawili. Mama alilitazama, akasema karani angekuwa mwungwana angemwongezea kuku wa tatu kwa kumwondolea takataka.

Fundi Mbwana alipita jioni ile kuleta habari za harusi ya mwanawe, akalichukua gitaa, akaligeuza, akachungulia ndani, akagonga mgongo wake kwa kifundo cha kidole. Nakumbuka maneno yake neno kwa neno.

"Litengeneze peke yako, mtu asikusaidie. Likipigwa harusini kwa mwanangu likatulia, Jumamosi yake njoo na msumeno wako tuanze kazi."

Mjomba alilipokea gitaa kwa mikono miwili. Usiku ule Mama alimkuta amekaa na gitaa mapajani, halina hata uzi mmoja.

Kazi ilimchukua zaidi ya mwezi. Ufa aliuziba kwa kipande chembamba cha ubao wa sanduku la majani ya chai. Kipini kimoja cha kukazia uzi, kilichokuwa kimepotea, alikichonga kwa pembe ya ng'ombe. Nyuzi mbili zililetwa na mtu kutoka Mombasa, zilizobaki alizitoa kwenye waya wa breki ya baiskeli, akaufumua uzi mmoja mmoja huku ulimi ukimtoka nje kwa bidii. Gundi aliipika mwenyewe kwa vipande vya ngozi, kopo ndani ya sufuria ya maji, na harufu yake ilifukuza hata paka.

"Kassim, leo tunakula viatu?" Mama alimwuliza.

Alipokibandika kile kibao alikifunga kwa kamba ya makumbi, akaweka jiwe la kusagia juu yake, na siku kumi nzima hakuligusa gitaa. Alilizunguka. Alikuwa akirudi kutoka shambani, akisalimia, akichuchumaa mbele yake na kulitazama, kisha akienda kuoga. Mimi ni shahidi, alikuwa na subira.

Sasa niwaeleze jambo moja la nyumbani kwetu, maana bila hilo hamtanielewa. Ngoma ikipata unyevu, ngozi ikalegea, sisi husema imelala. Ngoma iliyolala haibembelezwi. Huwashiwa moto wa makuti makavu, ikageuzwageuzwa mbele ya moto hadi ngozi ijinyoshe, kisha Baba aigonge kwa kidole, atege sikio, aseme, "Imeamka." Nimeliona hilo tangu nilipokuwa nikibebwa mgongoni. Sikujua kama kuna chombo cha kupigwa duniani kisichopashwa moto.

Siku ya harusi mawingu yalitanda tangu asubuhi, hewa ikawa nzito ya masika. Baba alikwisha kutangulia na ngoma zake, Mama yuko kwenye mapishi. Mjomba alikuwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Akalichukua gitaa, akazipitisha nyuzi mara moja kwa kidole gumba, akakunja uso.

"Limelala kidogo leo," akasema, akaliweka kitandani, akatoka kwenda kusali Alasiri.

Limelala! Wallahi, sikuwa na nia mbaya. Nilimpenda Mjomba kuliko watu wote, nami nilijua la kufanya. Nikakusanya makuti uani, nikayawasha, nikaligeuzageuza gitaa mbele ya moto kama nilivyomwona Baba akifanya, tumbo kwanza, kwani tumbo ndilo nililodhani kuwa ngozi yake. Nilikuwa nikijisifu moyoni. Kisha ile harufu ya gundi ikapanda, nikaona pembeni mwa kibao povu dogo linatoka, na kibao chenyewe kikasogea kidogo, kikivutwa na nyuzi.

Nikalitoa motoni mbio. Nikakikandamiza kibao kwa vidole gumba vyote viwili hadi vikaniuma, nikalipepea gitaa kwa kipepeo cha jikoni, nikalifuta kwa kanga, nikalirudisha kitandani. Kibao kilionekana kimeshika. Makuti nikayafukia mchangani.

Mjomba aliporudi alinikuta nimesimama kando ya kitanda, jasho linanitoka.

"Umeligusa, mpwa wangu?"

"Sijaligusa, mjomba."

Aliniamini. Akakaza nyuzi, akapiga kidogo, akatabasamu, tukaondoka pamoja.

Wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri. Wanawake walipiga vigelegele, na Fundi Mbwana, aliyekuwa amekaa na wakwe zake, alikuwa akitikisa kichwa polepole kwa kuridhika. Katikati ya wimbo wa pili kibao kiling'oka kwa mlio wa kofi, nyuzi zikalegea zote, mmoja ukamchana Mjomba kwenye kiganja. Watu wakacheka. Mtu mmoja akapaza sauti, "Ngoma ikivuma sana hupasuka!" na kicheko kikaongezeka. Nilikuwa na kipande cha halua mdomoni. 

Fundi Mbwana alikuja, akakiokota kibao, akakikwaruza kwa ukucha.

"Gundi haikushika. Ulikuwa na haraka."

"Nilingoja siku kumi, fundi."

"Basi hukuipika vizuri."

Mjomba alikitazama kile kibao. "Huenda," akasema.

Baba alikuwa hatua tano kutoka pale, ngoma yake mapajani. Ningetamka neno moja tu, kwamba nimelipasha, wote wangeelewa papo hapo, na Fundi Mbwana pengine angecheka kuliko wote. Nilimeza halua, nikanyamaza.

Jumamosi ile Mjomba hakwenda popote. Baada ya mwezi hivi alipata kazi ya kupakua mizigo Mackinnon Road, kwenye reli, akafunga virago. Asubuhi ya kuondoka alinipa gitaa, na kile kibao kimefungwa ndani ya kitambaa. "Chukua wewe, mpwa wangu, uchezee." Nililisukuma chini ya kitanda na sikulitoa tena. Baada ya miaka michache mchwa walilimaliza, nami, Mungu anisamehe, nilifarijika.

Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu ajabu. Utotoni niliogopa fimbo. Nilipokuwa msichana niliona haya. Nilipoolewa na kupata watoto nilijiambia hayo ni mambo ya kale, nani anayakumbuka. Kila Mjomba alipokuja Idi nilimpikia vizuri kupita wote, na watu wakanisifu kwa kumjali mjomba wangu.

Alirudi Msambweni uzeeni, macho yamepungua nuru. Siku moja nilimpelekea mkate wa kumimina, nikakaa mkekani, nikamwambia yote, tangu makuti hadi kipepeo. Alicheka. Alicheka hadi kikohozi kikamshika, nikampigapiga mgongoni.

"Gitaa kupashwa moto! Mtoto wa mpiga ngoma, wewe!"

 Kisha akajisugua kiganja, pale uzi ulipomchana.

"Basi gundi ilishika."

"Ilishika, mjomba. Ilishika vizuri."

"Niliipika sawasawa."

"Sawasawa."

Ndipo akaniambia kwamba tangu siku ile hakushika tena kazi ya mbao. Hata vigoda vya watoto wake vilipovunjika miguu alivipeleka kwa fundi, akalipia, maana alijua kuwa mikono yake haishikishi kitu. Nilikuwa nimeibeba dhambi yangu miaka yote nikiihesabu kuwa ni gitaa moja la kuku wawili na uwongo mmoja wa mtoto. Hivyo vigoda sikuwahi kuvijua.

Nikamwomba radhi. Akanipapasa kichwa kama zamani.

"Nimekusamehe, mpwa wangu. Ulikuwa mtoto." Akakatakata mkate, akanipa kipande, akachukua chake. Alikwisha kukitafuna nusu alipoongeza, bila hasira hata chembe, "Lakini baadaye ulikuwa mtu mzima."